Fulana Nyeupe

Mwanajeshi akija likizo anaweza kumletea mama yake kitu chochote, lakini si nguo safi. Mama alilijua hilo kwa miaka mingi. Kitindamimba wake alipokuja nyumbani, alikuja na begi la kijani lenye harufu ya mbwa aliyenyeshewa, na kazi ya kwanza ya mama ilikuwa kulimwaga uani, kuziba pua na kuanza kulalamika. Kulalamika kwenyewe kulikuwa nusu ya raha yake. Kwa hiyo safari ile, alipolifungua begi akakuta fulana nyeupe pe, zimekunjwa vizuri, hazina doa wala jasho, alijiona kama mtu aliyedhulumiwa haki yake.

"Nani anakufulia huko?" akamuuliza, huku wivu umeshamwingia. "Umeoa bila kuniambia?"

Kijana akacheka mpaka akakohoa. "Ananifulia dada, mama. Muulize mwenyewe."

Mama akadhani ni utani wake wa siku zote, akampiga kofi la begani, wakaenda kula. Likizo yenyewe ilikuwa fupi ya kuchekesha. Dada mtu alipata kumwona mara moja tu, tena akiwa amesimama mlangoni, begi begani, gari linampigia honi.

"Jitunze," alimwambia.

"Ndiyo, dada."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyokuwa jina lake. Kuanzia nyumbani hadi shuleni walimwita Ndiyo Dada, na si kwa sababu ya utiifu. Baba yao alifariki yule kijana akiwa bado hajajua kufunga kamba za viatu, mama akawa anatoka asubuhi kwenda vibaruani, na dada ndiye aliyemlea. "Usipande ukuta." "Ndiyo, dada." Kufumba na kufumbua, yuko juu ya ukuta. "Usiogelee umeshiba." "Ndiyo, dada." Huyo, majini. Alipomaliza shule dada alimketisha chini, akamweleza kwa upole na kwa machozi kwamba jeshi si mahali pa mtoto aliye wa kiume pekee kwao. "Ndiyo, dada," akasema, na wiki iliyofuata akarudi amenyolewa kipara, anatembea kifua mbele. Mama alikuwa akisema, "Huyu hakusikii hata siku moja. Masikio yake yapo kwa urembo tu."

Dada mwenyewe alikuwa injinia, na karakanani hakuna aliyemwita vinginevyo. Injinia huyu, Injinia yule. Karakana ilikuwa banda refu la bati nyuma ya ghala la rangi, na humo ndimo alimoutengeneza mtambo wake, kwa miaka ambayo wenzake waliitumia kuolewa na kujenga. Ulikuwa sanduku la chuma ambalo watu wawili wanaweza kulibeba hata kama hawapendani. Unatumbukiza mpira wake kwenye maji ya bahari, unatandaza paneli za jua, na mchana kutwa umeme wa jua unayapasua yale maji: huku haidrojeni, kule oksijeni. Haidrojeni inaingia kwenye mtungi. Ukitaka umeme, hata jua likiwa limezama, sanduku hilohilo linaigeuza haidrojeni kuwa umeme, bila moshi wala ngurumo ya jenereta.

Na bila lori la dizeli. Hilo ndilo lililomfanya Injinia asilale. Vituo vya mbali, kule pwani kavu kusikokuwa na mti wala kisima, viliishi kwa dizeli, na dizeli ilipelekwa na madereva, na madereva walikuwa wakiviziwa na adui na kuchomwa moto njiani pamoja na mizigo yao. Injinia aliwahi kwenda kumzika mmoja wao. Jeneza lilikuwa jepesi mno, na wabebaji walikuwa wakijitia kulemewa ili mjane asijue. Tangu siku ile aliapa kwamba kituo cha mdogo wake kitakuwa cha kwanza kuacha kusubiri lori. Kikawa cha kwanza kweli. Kanali wa makao makuu alimpa mkono mbele ya watu, na Injinia, ambaye kwa kawaida hapendi kupigwa picha, siku ile alisogea mbele mwenyewe.

Moyo wa mtambo ulikuwa sahani moja nyeusi. Maji ya bahari yana chumvi, na umeme hauna adabu. Usipoushika, unaacha kuyapasua maji unakwenda kuipasua chumvi. Chumvi ikipasuka inatoa klorini, gesi ya kijanikijani, nzito kuliko hewa, inayotambaa chini na kujaa kwenye mashimo, na inayochoma mapafu ya mtu kutoka ndani. Sahani ile ilikuwa imepakwa utando mweusi, mwembamba kuliko rangi ya kucha, na utando huo ndio ulioushika umeme sikio na kuuambia: pasua maji, chumvi iache. Bila utando, mtambo ungeendelea kufanya kazi kama kawaida, taa zinawaka, redio inaongea, nao ungekuwa unapika sumu.

Basi Jumapili moja, kijana akiwa ameshaondoka siku nyingi, Injinia alipita kwa mama yake kumjulia hali. Mama alikuwa anapiga pasi. Juu ya kiti kulikuwa na fulana moja ya mdogo wake, aliyoisahau.

"Sabuni gani hii, mama?" akauliza, kwa kuuliza tu.

"Si yangu. Amekuja nazo hivyohivyo. Ati wewe ndiye unayemfulia." Mama akacheka. "Nilimbana mpaka akasema. Wanafulia yale maji machafu yanayotoka kwenye mashine yako. Unaloweka, unasuuza, kwisha. Mimi nikamwambia huyo dada yako angetutengenezea na sisi ya huku nyumbani, tupumzike na kufikicha."

Injinia aliichukua fulana akaiweka puani. Chini ya harufu ya pasi, mbali kidogo, ilikuwepo harufu ya blichi.

Alikaa chini. Mama akamwuliza kama amekula. Maji yanayotoka kwenye mtambo yalitakiwa yatoke kama yalivyoingia, ya bahari, ya chumvi, hayafai hata kuoshea miguu. Maji yanayong'arisha nguo ni maji yenye klorini. Na klorini ikiwa imeshaingia kwenye maji kiasi cha kung'arisha fulana, basi nyingine iko hewani, na wanaivuta.

"Mbona umebadilika rangi?" mama akauliza. "Una mimba?"

"Hapana, mama."

"Mungu angekusaidia ungekuwa nayo," mama akasema, akarudi kwenye pasi yake.

Asubuhi iliyofuata Injinia alikuwa mlangoni kwa Kanali kabla Kanali mwenyewe hajafika. Kanali alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani kila akipewa habari mbaya, kana kwamba asipoziona hazitakuwepo. Aliivua. Akamchukua mpaka chumba cha redio, kijumba kisicho na dirisha chenye feni moja inayozunguka kwa manung'uniko, akamwambia kijana wa redio amwachie kiti saa ya kituo kuripoti ikifika. Walisubiri. Ikafika. Sauti ikatoka humo ndani, imekwaruzwakwaruzwa, lakini ni yeye.

"Dada? Kwani mama anaumwa?"

"Mama mzima. Nisikilize vizuri. Mnafulia maji ya mtambo?"

Kicheko. "Amekuambia! Dada, hayo maji ni dawa. Hata soksi za mpishi wetu zimekuwa nyeupe, na zile tulishazikatia tamaa."

"Ile sahani ya ndani, ile nyeusi. Ikoje sasa?"

"Nyeusi ya wapi? Ilikuja nyeusi, kweli, imegandiwa na uchafu. Tumeisugua. Kila asubuhi, mchanga na brashi, tunapokezana. Sasa unaweza kujitazama ukanyolea ndevu."

Injinia alifumba macho. Jeshi lina ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyewahi kuutibu: chuma kisichong'aa ni kichafu, na askari anayekiacha hivyo ni mvivu. Wanasugua vifungo, wanasugua ndoo, wanasugua vijiko mpaka vinatoboka. Ukimpa askari sahani nyeusi, umempa kazi.

"Nani aliwaambia msugue?" akauliza.

"Si wewe? Kitabu chako, ukurasa wa kwanza. 'Sahani iwe safi wakati wote.' Nimewakaririsha wenzangu wote. Nikawaambia huyu ni dada yangu, namjua, hapendi uchafu."

Ni yeye. Injinia aliyaandika maneno hayo kwa haraka, jioni, akiwa na maana ya kuisuuza kwa maji tu, na hakuwahi kuyafikiria tena. Kanali alikuwa amesimama nyuma yake. Kijana wa redio alijifanya anafuta meza.

"Mtambo mmeuweka wapi? Ufukweni?"

"Ufukweni utaonekana, dada. Droni za adui zinapita hapa kila siku. Tunao humu handakini. Tunakula nao, tunalala nao."

"Mnakohoa?"

"Kidogo. Asubuhi. Ni vumbi tu."

Akamweleza. Hakuficha na hakupamba. Alimwambia kwamba alichokisugua hakikuwa uchafu, kwamba kinachowakohoza si vumbi, na kwamba gesi ile inaanza polepole na siku moja upepo ukikosekana inalijaza handaki kuanzia chini, kwenye vitanda, na waliolala hawaamki. "Uzime sasa hivi," akasema.

"Ndiyo, dada."

Aliyajua maneno hayo. Aliuona ukuta, aliyaona maji, aliuona upara. Atauzima, kweli, mpaka jioni. Kisha mmoja wao atataka taa, mwingine atasema tuwashe kidogo tu tuwasalimie makao makuu, na yeye atacheka na kuwasha. Alimjua kama alivyojua viganja vyake.

"Usiniambie ndiyo dada!" akapiga kelele mpaka Kanali akashtuka. "Nimekuzoea. Fungua kifuniko, itoe hiyo sahani, uende nayo ufukweni uitupe baharini. Mbali. Kwenye maji marefu, hata wewe usiweze kuifuata."

"Dada, hii ni mali ya jeshi."

"Nimeichora mimi. Itupe."

"Hatutakuwa na redio. Mtungi umebakiwa na pumzi kidogo, haya mazungumzo yetu ndiyo yanaumaliza. Na ile betri ya akiba ilikufa zamani, nilisharipoti. Tukivamiwa je?"

"Gari litakuja na sahani nyingine. Kanali yuko hapa, amesikia." Hakugeuka kumwangalia Kanali. "Mdogo wangu. Maisha yako yote hujawahi kunisikia. Nisikie hii moja. Kwa roho ya baba."

Redio ikanyamaza muda mrefu. Injinia alidhani mtungi umekwisha. Kisha sauti ikarudi, ndogo, haina mzaha, kama ya yule mtoto aliyekuwa akifungiwa viatu.

"Sawa," akasema. "Nimekusikia."

Baada ya hapo kukawa na mkwaruzo mtupu.

Kanali alivaa miwani yake. Hakufurahi hata kidogo. Kituo kisicho na redio ni kituo kipofu, alisema. Laiti angeulizwa, angewaambia wawashe kila asubuhi kwa dakika chache, milango wazi, waripoti, wazime. Injinia alimkatiza. Akamwambia sahani iliyochubuka haijui dakika chache. Akamwambia hawa watu wameshakohoa kwa wiki nyingi, mapafu yao hayana tena nafasi ya kujaribia. Kanali akawa anajipangusa jasho shingoni.

"Basi nitajuaje kama wako hai?" akauliza.

Tukubaliane hapa kwamba Injinia alikuwa amechoka, alikuwa na aibu, na aliogopa kwamba huyu bwana mpole akiachwa na wasiwasi atatafuta njia ya kuwaamuru wawashe. Kwa hiyo alicheka. Alijilazimisha kucheka, akasema: "Wakinyamaza, Kanali, ujue wako salama. Huyo mdogo wangu akirudi hewani kesho asubuhi, hapo ndipo uwe na wasiwasi. Maana yake hakunisikia."

Kanali naye akacheka. Wasiwasi ukamtoka usoni kama mtu aliyetua mzigo.

Siku zilizofuata Injinia alipitia chumba cha redio kila asubuhi kabla ya kwenda karakanani. Alikaa karibu na feni, akasikiliza mkwaruzo saa ya kituo kuripoti, na kila mkwaruzo ulivyoendelea bila sauti ya mtu ndivyo moyo wake ulivyozidi kutulia. Alikuwa anaona fahari. Ameitupa, alijiambia. Safari hii ameitupa. Kijana wa redio alimzoea, akawa anamtania akiingia: "Wamenyamaza vizuri leo, Injinia. Hata kikohozi hatujasikia." Injinia naye alimletea maandazi.

Sahani mpya haikuwa kazi ya kukurupuka. Utando ule ulipakwa tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka lilichomwa kwenye tanuri na kuachwa lipoe. Ukiuharakisha unapasuka kama matope ya kiangazi. Aliifanya kwa mikono yake, hakumwachia mtu. Akachapa na ukurasa mpya wa kitabu, wenye maandishi makubwa: Sahani hii ni nyeusi. Iacheni nyeusi. Ilipokuwa tayari aliifunga kwa kitambaa akaipeleka kwa Kanali mwenyewe.

Kanali alikuwa anajikuna kichwa. Gari lililopangwa, alieleza, ilibidi alielekeze kwingine. Kituo cha upande wa milimani kilikuwa kikipiga kelele kwenye redio usiku na mchana, wanataka risasi, wanataka dawa, wana majeruhi. "Wale wako wametulia," akasema. "Nikaona niwatangulize wanaolia. Au nimekosea?"

Injinia alifikiri. Alilifikiria handaki lile likiwa na hewa safi, wanaume wamelala bila kukohoa, fulana zao zinachafuka taratibu kama inavyopasa. Walikuwa na maji ya kunywa ya kutosha, aliambiwa. Walikuwa na chakula.

"Hujakosea," akasema.

Na kweli aliamini hivyo. Alirudi nyumbani kwa mama akamwambia mdogo wake hajambo, kwamba safari hii amemtii, ndiyo maana hasikiki. Mama akasema atayaamini hayo siku atakapoyaona kwa macho.

Gari lilikwenda hatimaye. Injinia alijua limerudi kwa sababu Kanali alikuja karakanani mwenyewe, kwa miguu, bila dereva, akasimama katikati ya mashine akiwa ameshika kofia yake mkononi. Miwani hakuwa nayo usoni. Mafundi walizima mashine zao moja baada ya nyingine bila kuambiwa.

Alimweleza yote, maana Injinia alimwambia asimfiche kitu. Walivamiwa. Si jana wala juzi. Ni mwanzoni kabisa, karibu na siku ile ya redio. Waliokuja hawakuwa wengi na hawakukaa, walipiga wakapita. Wenzake walikufa hapohapo. Mdogo wake alipigwa risasi ya paja. Alijifunga mwenyewe kwa mkanda, tena alijifunga vizuri, akajiburuta mpaka ndani ya handaki. Daktari aliyemtazama alisema jeraha lile si la kuua mtu anayefikiwa. Helikopta ingetoka hapa ikamchukua, angekuwa anachechemea sasa hivi akidai pensheni. Lakini aliishi humo siku kadhaa. Makopo yalionyesha kwamba alikula. Kisha hakula tena.

"Tulimkuta ameegemea mtambo," Kanali akasema. "Kipaza sauti cha redio kiko mapajani. Mtambo haukuwa umewashwa. Kuna jambo moja hatulielewi. Kifuniko kilikuwa wazi, na ile sahani ya ndani haipo. Nadhani wale jamaa waliichukua. Sijui waliitakia nini."

"Iko baharini," Injinia akasema.

Kanali alimtazama. Alikuwepo chumbani siku ile. Alikuwa amesahau, au alikuwa ameona ni namna ya kusema tu. Sasa akakumbuka, na Injinia akamwona akikumbuka pia kile kicheko. Wote wawili walicheka siku ile. Kanali alivaa kofia yake akatoka.

Paneli za jua zilikuwa nzima, walimwambia baadaye. Zilikuwa zimetandazwa juu ya handaki, zinakula jua kutwa, umeme wake unaishia hewani. Mtu yeyote angejiuliza kwa nini asiunge redio moja kwa moja kwenye paneli. Injinia hakujiuliza. Askari wa majaribio waliwahi kuchajia simu zao kwenye paneli mpaka wakaunguza nyaya, naye kwa hasira akachora plagi ya namna yake, isiyoingia kokote isipokuwa kwenye mtambo. Alikuwa akijisifia plagi ile.

Msibani watu walikaa, wakanywa chai, wakauliza swali moja kwa sauti za chini: kwa nini hawakupiga redio? Jeshi lote hilo, ndege zote hizo, mtu anakufa kidogokidogo kama hana kwao? Mjomba mmoja alisema ni uzembe wa wakubwa. Mwingine akasema ni hizi mashine mpya. Injinia alikuwa anapitisha vikombe. Alipofika kwao aliwauliza kama sukari inatosha.

Begi la kijani lililetwa watu walipokwisha kutawanyika. Mama alilipokea kama alivyolipokea siku zote. Alilibeba mpaka uani, akaketi kwenye kigoda mbele ya beseni, akalimwaga. Hakuziba pua. Akaitoa suruali, akaitoa soksi moja, akaitoa fulana, akainyanyua kwa ncha za vidole kwenye mwanga.

Haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya rangi ya majivu, shingo imekuwa nyeusi kwa uchafu, kwapa zimeiva jasho, mavumbi ya handaki yamekamata mpaka kwenye mishono. Chini, ubavuni, palikuwa na doa la kahawia lililokauka likawa gumu. Injinia alikuwa amesimama mlangoni. Ilimchukua kitambo kuelewa anachokiona, na alipokielewa akaushika mlango. Mtu mwenye maji yale asingevaa fulana ile. Alikuwa amekaa handakini na redio mapajani, paja linavuja, na mtambo uko mgongoni mwake, hauna sahani, kwa sababu dada alimwambia aitupe mbali, hata yeye asiweze kuifuata.

"Mbona chafu hivi?" mama alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya kulalamika, ila haikuwa na raha ndani yake. "Si alikuwa amejifunza usafi huyu?" Akaitumbukiza kwenye maji, akaanza kufikicha. Maji yakageuka rangi. "Nenda dukani uniletee blichi."

"Mama, iache hivyohivyo."

"Siwezi kuiacha hivi. Mtoto wangu hakuzaliwa jalalani." Alifikicha kwa nguvu, kichwa kikitikisika. "Ulimkataza jeshi. Ulimkataza, nilikuwepo, ulilia mpaka ukavimba macho. Akakwambia ndiyo dada. Angekusikia mara moja tu, mara moja tu katika maisha yake, angekuwa hapa."

Injinia alitoka mlangoni, akaja akachuchumaa upande wa pili wa beseni. Aliingiza mikono majini akaushika upande mwingine wa fulana.

"Alinisikia, mama," akasema.

Mama hakuinua kichwa. Alikuwa amefika kwenye lile doa.

"Basi nisogezee sabuni," akasema.